Firigisi ya Rubani

Mimi aibu siijui. Nawaambia mapema ili mtu asije akapoteza muda kunihurumia. Siku Mungu alipogawa aibu, mimi nilikuwa kwenye foleni ya midomo. Nikachukua wa kwangu, kisha nikazunguka nyuma ya foleni nikachukua mwingine. Nimewahi kuanguka na taxi-moto, pikipiki ya abiria, mbele ya kanisa, harusi ndiyo inatoka, watu wote wananitazama. Nikainuka na vumbi langu nikamwambia bwana harusi kuhusu gauni la mkewe, "Chunga ile robe ya bibi, papa, ni murefu, utaanguka sawa mi." Ulizeni mtaa wetu mzima wa Dilala. Samy Mulumba haoni haya.

Haya basi. Sikilizeni yaliyonipata Jumamosi moja ya mwezi wa nane, kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana, halafu mniambie wenyewe kama uso wangu bado uko mahali pake.

Nilikuwa nimerudi kwetu Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, kwa likizo kubwa. Mwaka mzima wa masomo nilikuwa Lubumbashi nikisomea urubani, na hapa niseme ukweli ambao nyumbani sikuusema: katika miezi tisa, minane nilikaa kwenye kiti cha mbao nikichora mawingu kwenye daftari. Ndege yenyewe nilipanda mara nne, alfajiri, hewa ikiwa bado imelala, na mwalimu akishikilia usukani wake kana kwamba nitamwibia. Lakini nilipokanyaga avenue, mtaa wetu, watoto wakaanza kuniita rubani mkuu, "Commandant! Commandant!" Mimi sikujiita hivyo. Niliitika tu.

Na kulikuwa na Myriam.

Myriam Kalonji anafundisha darasa la kwanza. Ana sauti ndogo, mwendo wa mtu asiyechelewa popote, na macho ambayo ukiyatazama unakumbuka ghafla kila kitu ulichowahi kuvunja nyumbani kwenu. Siku moja nilisimama kwenye dirisha la darasa lake nikimsubiri. Mtoto mmoja alikuwa ameficha pipi shavuni. Myriam hakumgombeza. Alimwendea polepole, akanyoosha kiganja chini ya kidevu chake, akamtazama. Basi. Mtoto akatema pipi. Akatema na ya pili, ambayo hakuna mtu aliyejua kama ipo. Nikajisemea palepale: Samy, huyu ndiye.

Kilichokuwa kati yangu na Myriam ni baba yake. Tata Kalonji aliendesha mashine kubwa za mgodini miaka thelathini na mmoja, mashine ambazo gurudumu lake peke yake linamzidi mtu kimo. Familia yao asili yake ni Kasai. Babu yao aliletwa na treni kuchimba shaba, wakabaki. Mzee ana mikono mipana na maneno machache, na kwake mtu mwenye maneno mengi ni kama injini inayopiga kelele: kuna kitu ndani kimelegea. Yeye alimtaka Gaston. Gaston anafanya kazi mgodini, ana pick-up nyeupe, na kwa wiki nzima anaweza kusema maneno tisa.

Jumapili kabla ya siku ile, nilikuwa nimekaa kwenye baraza lao, mimi, mzee, na huyo Gaston, aliyekuja "kusalimia tu." Mzee akaniuliza kuhusu ndege, kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi:

"Sasa, wewe Samy. Ile ndeke, unaendesha, ao banakuendesha?"

Gaston akatabasamu. Kama asingetabasamu, pengine leo ningekuwa mtu mwingine.

"Tata," nikasema, "Jumamosi, saa tatu na nusu, mutoke hapa inje mutazame yulu. Nitapita juu ya hii parcelle, juu ya nyumba yenu, na nitabapungia na bawa."

"Wewe njo utashika usukani?"

"Mi mwenyewe. Na mikono yangu mbili."

Mzee alinitazama muda mrefu, jinsi fundi anavyosikiliza mota. "Sawa," akasema. "Kama unapita, unakuya kula na siye hapa, na tutaanza kusema mambo ya mutoto yangu sawa vile wanaume banasema. Kama haupiti, usipite tena ata pa ile mulango."

Myriam alinisindikiza hadi getini. Jua lilikuwa linamwangukia upande mmoja wa shingo, nami nilikuwa na kazi kubwa ya kuangalia barabara.

"Utatuyua namna gani toka kule yulu?" akauliza. "Hizi nyumba za kampuni zote ni moja. Ata mi nilikuwa mutoto nilikuwa ninaingia kwa jirani."

"Tandikeni kitu ku paa. Ile pagne ya mama ya rangi ya majani, ile kitenge yenye tausi. Mubandike matofali ku bile bipembe bine, upepo isiipeleke."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akashika kifungo cha shati langu, akakizungusha.

"Samy. Kama hauwezi, uniambie sasa. Mi mwenyewe nitaenda kusema na papa, nitajua vile nitasema. Mi sipende ndeke. Minapenda wewe. Lakini nilikusimamia mbele yake mwaka muzima. Usinifanye niseme uongo mbele ya papa yangu."

"Chérie," nikasema, "unaongea na commandant."

Alikiachia kifungo. Laiti ningemrudishia mkono ule mahali ulipokuwa.

*

Kapteni Ngeleka ni mzee mwenye nywele nyeupe na ndege ndogo ya viti vinne, anayowapelekea wapimaji wa ardhi huku na kule. Alisoma na mjomba wangu, ndiyo maana alikubali kunipa saa moja ya mazoezi, "ili mikono isilale mu vacances," na tupitie juu ya Dilala, niwapungie wakwe. Uwanjani alinizungusha kwenye ndege, akanionyesha kila kitu nilichotakiwa kukikagua, kisha akaweka kidole kwenye mlango.

"Mu ndeke yangu kuko sheria moja. Mwenye kutapika njo mwenye kuosha. Ata kama ni askofu."

Nikacheka. "Kapiteni, tumbo yangu ni ya chuma."

Tumbo langu la chuma lilikuwa limejaa bukari, ugali wetu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mama alikuwa ameniwekea donge la ukubwa wa kichwa cha mtoto, na samaki wa kukausha, na sombe, kisamvu chetu, yenye mafuta ya mawese, akasimama juu yangu mpaka sahani ikang'aa. "Rubani hapande na tumbo ya bure," alisema. Hakuna mwalimu Lubumbashi aliyewahi kutufundisha namna ya kumkatalia mama bukari. Na nilivaa shati jeupe lenye galons mabegani, mistari mitatu ya dhahabu. Fundi cherehani wa Dilala aliuliza mistari mingapi, nikasema weka tu mpaka ipendeze.

Tukaruka. Na lazima niseme, dakika sita za kwanza nilikuwa mzuri. Kweli nilishika. Kolwezi ikafunguka chini yetu: paa za bati, barabara nyekundu, pikipiki kama siafu, na mashimo ya migodi yakishuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye maji ya kijani kibichi. Nikamfikiria Myriam amesimama uani, kiganja juu ya macho, akinitafuta. Nikajisikia nampenda kwa urefu wa mita elfu moja.

"Legeza mikono," Ngeleka akasema. "Unashika sawa mutu anakamata mbuzi."

"Niko nalegeza, Kapiteni."

"Sasa tutapita juu ya shimo. Mwezi ya nane, jua inapiga jiwe, hewa inapanda. Itaruka kiloko, kidogo tu. Usigombane nayo."

Hewa iliruka. Ndege ikapanda kama mtu aliyesukumwa kutoka chini, ikasimama, kisha ikaanguka. Mimi nilishuka nayo. Bukari ilibaki juu. Tulikutana tena baada ya muda mfupi, mimi na bukari, na haikuwa amani.

Sasa, nilifanya mambo matatu, na nitayasema kwa mpangilio kwa sababu nimeyahesabu usiku mwingi. La kwanza, niliachilia usukani. La pili, nilimkumbatia Kapteni Ngeleka mkono wake wa kulia, ule anaoendeshea. La tatu, nilipiga kelele. Sikusema neno la Kifaransa wala la urubani. Nilisema, "Mama! Mama eeh! Mama, uyie unikamate!"

"Achia mukono yangu!" Ngeleka alisema. "Samy! Achia!"

Niliachia. Kisha nikatapika: kwenye galons, kwenye magoti, kwenye kiti, kwenye ile ramani nzuri ya plastiki. Nikaweka kichwa katikati ya magoti na kukiacha hapo.

Kutoka huko chini nilisikia sauti yake, imetulia kabisa.

"Dilala njo hii. Kuko mutu anatandika kitu ku paa, kinang'aa. Ni bakwe zako?"

"Mmm," nikasema kwenye magoti.

"Inua kichwa ubaone. Avenue muzima iko inje."

Niliinua kidogo, nikaona anga likiwa mahali pa ardhi, nikarudi chini. Nikahisi ndege ikiegemea kushoto, taratibu, kama mtu anayegeuka usingizini, kisha kulia, kisha ikanyooka. Kapteni Ngeleka aliwapungia wakwe zangu. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

*

Sheria ni sheria. Kapteni alizima injini, akaenda kujaza karatasi zake, akaniacha na ndege.

Nje ya uzio wa uwanja kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua chini ya mwavuli, mnene, uso mpole. Nilimwendea nikiwa nimefunika kifua kwa mikono.

"Mama, uko na ndoo?"

Alinitazama juu mpaka chini. Hakucheka. Ndiyo maana nilishindwa kumdanganya, naamini. Kama angecheka ningepata la kusema.

"Mutoto, ni ndeke njo inakufanya vile?"

"Ni mi njo nilifanya ndeke vile."

Akanipa ndoo, kitambaa na sabuni ya unga. Akasimama kwenye uzio akinitazama nikiosha nimepiga magoti, na alipoona mabega yangu yanatikisika akasema, "Usilie. Mi nilitapika mu train toka Tenke mpaka hapa, na train iko inatembea chini."

"Mama, mi silie juu ya kutapika. Niko na bakwe. Niliwaambia ni mi njo nitaendesha. Na niliita mama yangu mbele ya kapiteni, niliita sawa mutoto."

"Sasa ungeita nani? Gouverneur?" Akanyoosha mkono juu ya uzio. "Leta ile chemise. Huwezi kutembea nayo. Nitafua, utakuya kuitwaa kesho. Na bakwe zako, ubaambie tu vile ilikuwa. Batu banapenda mutu mwenye kusema vile ilikuwa."

"Mama, usiambie mutu."

"Nitaambia nani? Mi mugeni hapa, hakuna ata mutu ananiyua jina."

Kapteni Ngeleka akanikuta kifua wazi. Akachomoa salopette, ovaroli ya kazi ya fundi wake, kwenye msumari, buluu, imechakaa magotini, akanirushia.

"Sikia," akasema. "Kutapika haiko kosa. Ata mi nilitapika mwaka muzima. Kuachilia usukani, ile ni kosa, lakini tutaitengeneza, unarudia kwangu juma ijayo. Kule kwa bakwe, utasema nini?"

"Nitasema vile ilikuwa, Kapiteni."

Na nilikuwa namaanisha. Ninyi mnaonisikiliza, naomba mnikubalie hilo moja. Nilipanda taxi-moto nikiwa nimepanga maneno yangu yote: Tata, nilishika dakika sita, halafu niliachilia. Niliyarudia njia nzima hadi dereva akaniuliza ninaongea na nani.

Lakini nilipoingia kwenye avenue, watu walipiga makofi.

*

Tata Kalonji alikuwa getini, amevaa koti la kanisani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mzee huyu aliongea bila kuulizwa.

"Mutoto yangu. Nilitumika na mashine mwaka makumi tatu na moja. Mi nayua mutu mwenye kugombana na mashine, na nayua mutu mwenye kuongea nayo. Vile ulilaza ile bawa," akaonyesha kwa kiganja chake kipana, kushoto, kulia, polepole, "pole pole, bila haraka... Niliambia mama ya Myriam: huyu, nilimuzania mubaya."

Maneno yangu yote yaliyopangwa yalikuwa bado mdomoni. Nilipaswa kuyatoa hapo. Lakini akaniangalia nguo, na macho yake yakabadilika.

"Na salopette," akasema taratibu. "Nilizani utakuya na ma galons. Unakuya na nguo ya kazi." Akagusa goti lililochakaa la mtu ambaye sikumjua hata jina. "Ni vizuri. Ni vizuri sana."

Gaston hakuwepo. Walisema alikuja asubuhi, akaona ndege, akasema, "Eh, anaweza," akaondoka. Maneno mawili, na yote mawili kwa ajili yangu.

Myriam alileta jagi la maji na beseni, aninawishe mikono kabla ya kula. Tulikuwa peke yetu pembeni ya jiko, wengine wakipanga viti. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Alikuwa amesuka nywele upya, na alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya mafuta aliyopaka. Hakunitazama usoni mara moja. Alitazama mikono yangu, kama vile ilikuwa imetoka mbali.

"Ni hii njo ilishika," akasema.

"Ni hii."

"Uliogopa?"

"Kiloko."

"Ulituona?"

Hapo. Hapo ndipo palikuwa mlango, wazi kabisa, na aliyeushika ni yeye. Ningesema, Myriam, sikukuona, kichwa kilikuwa magotini. Angecheka. Angenimwagia maji yale usoni, halafu angekwenda na mimi kwa baba yake, tumeshikana mikono. Najua hivyo sasa. Nadhani hata wakati ule nilijua.

"Niliwaona bote," nikasema. "Nilikuona wewe. Nilisema mu roho: Kapiteni, ule njo bibi yangu."

"Na ku paa? Uliona nini?"

"Ni ile pagne ya majani. Na tausi zake, karibu nizihesabu."

Maji yakasimama. Hakuinua jagi, hakulishusha. Alilizuia tu, tone moja likining'inia kwenye mdomo wa jagi.

"Ah," akasema Myriam. "Ile ya majani."

Akanipa taulo. Nilidhani amezidiwa na hisia. Mwanaume akidanganya vizuri huona mapenzi kila mahali.

Tukakaa mezani uani: mzee upande wa ukuta, mimi mbele yake, mgongo wangu kwenye geti, Myriam kando. Mama Fidélie, mama yake, akatoka jikoni na bakuli la kuku, anatembea kwa madaha, na kiunoni amefunga pagne ya kijani yenye tausi. Imepigwa pasi. Haina vumbi hata chembe.

"Mukwe, utanisamehe," akasema akicheka. "Myriam alitaka kuipandisha ku paa, nikakatala. Pagne ya ndoa yangu, na matofali juu? Nilibapa drap. Mi hii nilisema nitaivaa juu yako."

Akaonyesha kwa kidevu kamba ya kuanikia. Hapo ilining'inia shuka ya njano, njano kama ndizi mbivu, na kwenye pembe zake nne, alama nne nyekundu za matofali.

Niligeuka kumtazama Myriam. Alikuwa anapanga vijiko. Alivipanga, akavipangua, akavipanga tena. Alikuwa amejua tangu kwenye maji. Na hakusema. Alikuwa amekaa mbele ya baba yake na uongo wangu, ameubeba kimya, jambo lile lile aliloniomba nisimfanyie.

Masikio yangu yalianza kuungua. Mimi, Samy, ambaye sikupewa aibu. Ilikuwa inakuja yote kwa pamoja, ya miaka ishirini na mbili.

Mzee akasimama. Akachukua kijiko, akatafuta kwenye bakuli, akatoa firigisi ya kuku, ndogo, nyeusi kwa mchuzi.

"Mu familia yetu," akasema, "firigisi ni ya mwenye nyumba. Tangu nilioa, kila kuku yenye kuingia hapa, firigisi yake nilikula mi. Mutoto akiigusa, ni maneno. Leo, Samy..." Akaiweka kwenye sahani yangu. "Kula, mutoto yangu."

Mama Fidélie akapangusa jicho. Nami nikafungua kinywa. Nawaapia nilikifungua ili niseme. Neno la kwanza lilikuwa tayari, lilikuwa "Tata." Lakini mzee alikuwa anatabasamu, na sikuwahi kuyaona meno ya Tata Kalonji, na kinywa kilikuwa kimeshafunguka, na firigisi ilikuwa pale. Nikaitia kinywani.

Myriam akafumba macho.

Firigisi ni kitu kigumu. Inahitaji mtu mwenye dhamiri safi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeuma mara mbili niliposikia geti nyuma yangu, na sauti ya mwanamke iliyohema kwa jua.

"Hodi! Musinigombeze, nilichelewa kufunga."

"Domitille!" mzee akaita kwa furaha. "Karibu, dada yangu! Samy, huyu ni ndugu yangu mukaji, alihama toka Tenke mwezi iliyopita, mambo ya ndeke yako sijamuambia. Kaa, kaa, kuku inapoa."

"Ninakaa. Fidélie, kwanza uniambie, uko na fer? Nataka kupiga pasi hii chemise mbele ya kesho. Iko ya mutoto moja, maskini, mbele ya kucheka nilimusikilia huruma."

Sikugeuka. Shingo ilikuwa imekataa.

"Mutoto gani?" Mama Fidélie akauliza.

"Ah, pale ku aéroport, fasi ninauzisha. Asubuhi ya leo. Alipanda ndeke na kapiteni mwenye mvi, akatapika mpaka ku masikio! Kapiteni njo aliendesha yote, yee kichwa mu magoti. Alilia, 'Mama, mama, uyie unikamate!' Ananiambia mwenyewe. Nilimupa ndoo yangu akaosha ndeke na magoti, analia, ati iko na bakwe, ati aliwadanganya njo yee ataendesha."

Mzee akapasuka kicheko. Kicheko kikubwa, cha kifua, cha mtu aliyekuwa na siku njema. "Rubani gani ile! Samy, unasikia? Banakuharibia kazi!"

Na mimi, ndugu zangu, nilicheka. Nilicheka kuwashinda wote, firigisi shavuni, nikapiga meza. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Kutapika nimejisamehe. Kicheko kile hapana.

"Si eti?" mama yule akasema, akizunguka meza kuja kukaa. "Na nilimuambia, ubaambie tu vile ilik..."

Akasimama. Alikuwa mbele yangu sasa, shati jeupe kwenye mkono, mistari mitatu ya dhahabu ikimeta juani. Aliangalia salopette. Aliangalia uso wangu. Uso wake mpole ulijaa huruma ile ile ya kwenye uzio, na akanisemesha kwa sauti ya chini, kama vile hata sasa angependa kunisaidia:

"Mutoto... ni hapa njo kwa bakwe?"

Kicheko cha mzee kilibaki usoni pake muda kidogo, hakijapata habari. Kisha nikakiona kikiondoka, na meno yakafungwa, na akaitazama sahani yangu iliyokuwa tupu, na shavu langu lililojaa.

Kiti cha Myriam kikasogea. Alikuja polepole, hakugomba, hakulia. Alisimama kando yangu, akanyoosha kiganja chini ya kidevu changu, akanitazama.